Ulinganisho: Gruyères, Paris, Ahmedabad au Bangkok, mkahawa upi wa kutisha unafaa kuwa mfano?

Mrithi wa Pangani

Wanajamvi, salaam. Nimerithi nyumba ya mawe mjini Pangani, yenye kuta nene na vyumba vya chini visivyopata mwanga wa kutosha, na kwa muda mrefu nimekuwa na nia ya kuifanya mkahawa wa jioni wenye sura ya kutisha, ambao mgeni akiingia mwili umsisimke kabla hajaketi. Sijawahi kukanyaga mahali pa aina hiyo; nimeona picha tu za baa ya H. R. Giger huko Uswisi na za mkahawa wa Bangkok wenye jeneza. Naomba waliofika wanilinganishie: ni mtindo upi unaomfanya mtu arudi, na ni upi unaokwisha mara tu anapopiga picha yake ya kwanza?

Mkazi wa Lausanne

Nimekwenda Gruyères, kijiji cha Uswisi ilipo baa hiyo ya Giger, mara tatu, nami naitetea bila kusita. Giger, msanii Mswisi mzaliwa wa mji wa Chur mwaka 1940, ndiye aliyebuni lile dubwana la filamu ya Alien ya mwaka 1979, kazi iliyompatia Oscar pamoja na wenzake. Makumbusho yake yalifunguliwa kijijini hapo mwaka 1998, na baa ikafuata mwaka 2003. Ukiinua macho utaona kwamba dari lote ni matao ya pingili za uti wa mgongo, yanayoteremka ukutani kama mbavu, na viti vyenyewe vina migongo mirefu ya mifupa inayopanda kupita kichwa cha mtu, kiasi kwamba ukishaketi unajihisi umo ndani ya kifua cha mnyama aliyekufa zamani sana. Hata hivyo hakuna anayekurukia wala sauti ya mayowe. Watu wanakunywa kahawa na kula meringi, yaani vitamutamu vya ute wa yai na sukari, kwa ile krimu nzito inayosifika wilayani humo, wakizungumza kwa sauti ya chini. Nje kuna kijiji cha jibini chenye maua madirishani, na nadhani huo mpishano wa nje na ndani ndio unaonirudisha.

Mwalimu wa Historia

Ningependa kuongeza mfano ambao hauwezi tena kutembelewa, kwa sababu ndio wa zamani kuliko yote mliyoyataja. Katika mtaa wa Boulevard de Clichy, Paris, kulikuwa na Cabaret du Néant, iliyofunguliwa mwaka 1892: wateja walinywea juu ya majeneza yaliyofanywa meza, wahudumu walivaa kama wazika maiti, na vinywaji vilipewa majina ya magonjwa, kipindupindu kikiwamo. Kilele cha jioni kilikuwa mtu kusimamishwa ndani ya jeneza, kisha mwili wake ukaonekana kuyeyuka mpaka ikabaki mifupa mitupu. Siri yake ilikuwa kioo kikubwa kilichowekwa mshazari mbele ya watazamaji: taa ya mtu aliye ndani ya jeneza ilififishwa polepole huku mifupa iliyofichwa pembeni ikizidi kumulikwa, na taswira yake ikajitokeza kiooni pale pale aliposimama yule mtu. Ufundi huo ulikuwa umeshajulikana London tangu miaka ya 1860, na bado unawezekana kwa kioo na taa mbili tu. Kasoro yake ni kwamba anayeujua haumshangazi mara ya pili, kwa hiyo unaleta wasafiri wapya kuliko wenyeji.

Bint Mvita

Nilimpeleka mama yangu Ahmedabad kwa matibabu, tukawa tunakunywa chai katika mkahawa wa New Lucky, eneo la Lal Darwaza. Makaburi yamo humo humo baina ya meza, yamepakwa rangi ya kijani na kuzungushiwa vyuma vifupi, na asubuhi wafanyakazi huyawekea maua kabla ya kazi kupamba moto. Ukutani kuna mchoro uliotolewa zawadi na M. F. Husain, mchoraji mashuhuri wa India. Kwa kuwa dini inakataza kukalia kaburi, siku ya kwanza mama alikataa kuingia. Alipoona kwamba vile vyuma vinamzuia kila mtu asikanyage, aliwasalimia waliolala pale, akaketi, akaagiza chai ya maziwa na skonzi yenye siagi. Kwa hiyo, ndugu Mrithi, usiuite mkahawa ule wa kutisha. Watu wanakwenda kwa sababu ya chai, na waliokufa wanatunzwa.

Mchuuzi wa Nguo

Bangkok ninakwenda kufunga mzigo. Mkahawa wa Kid Mai ulifunguliwa mwaka 2018 kwa mafunzo ya Kibuddha: mteja aliyejilaza ndani ya jeneza lililofunikwa alipunguziwa bei ya kinywaji. Nililala humo, na ule ukimya ulinifanya nimpigie simu baba jioni ile. Ninaupendelea kuliko mkahawa mmoja wa mji mwingine, ambao sitautaja, ambako mhudumu aliyevaa sanda alimrukia mwanangu wa miaka sita, mtoto akaangusha bakuli la supu ya moto mapajani mwake.

Mzee wa Chake Chake

Mwanangu Mrithi, sisi wa pwani tunaposema jeneza tunakusudia lile la msikitini, lililombeba babu yako na litakalokubeba wewe. Ukiliweka mkahawani kuwa meza, jirani aliyezika juzi atapita mlangoni pako akiwa ameumizwa. Vilevile usichezee popobawa, lile jini linalosemekana kuwavamia watu usiku. Mwaka 1995 hapa Pemba watu walilala nje kwa makundi kwa hofu, wengine wakapigwa kwa kudhaniwa kuwa ndio popobawa, na waliokuwapo bado wako hai. Hofu ya yule Mswisi ni ya kichwani mwake mwenyewe. Haimkumbushi mtu yeyote msiba wake.

Mrithi wa Pangani

Shikamoo mzee, na shukrani kwenu nyote. Jeneza nimeliondoa katika mchoro wangu, na popobawa pia. Nitafuata njia ya Gruyères, ila mbavu zangu zitakuwa mataruma ya jahazi: dari la chumba cha chini lionekane kama chombo kilichopinduka, mgeni akila chini yake kwa mwanga wa kandili. Kwa kuwa zipo familia za hapa ambazo bahari iliwachukulia watu wao, nimeshaomba kuonana na manahodha watatu wazee baada ya sala ya Ijumaa, na fundi wa majahazi nimemwambia asipime dari mpaka watakapokuwa wamenijibu.