Tupeane uzoefu: neno "chulo" lilivyowaponza mlioko Uhispania

Kibarua wa Lavapiés: Wakuu, jana dogo mmoja kaviona viatu vyangu, kasema "¡qué chulos!", nikakumbuka aibu ya mwaka wangu wa kwanza Madrid. Nilikuwa naosha vyombo mgahawani. Wenzangu kila kitu chulo: simu, pikipiki, hadi kalenda ya ukutani. Nikajua basi, chulo ni kali, ni bomba. Siku hiyo bosi kaja na koti jipya, mimi na mdomo wangu: "Jefe, usted es muy chulo", yaani bosi, wewe ni chulo sana. Mpishi wa Ecuador akainamia sufuria, mabega yanamtikisika. Bosi akaweka funguo mezani polepole. "¿Chulo, yo?" Nikadhani hajasikia vizuri. Nikarudia.

Zegere: Eti nikarudia! Nimemwaga chai.

Mama Nassor: Kitu kikiwa chulo kinapendeza. Mtu akiwa chulo ana nyodo. Ukisema "un chulo" ndiyo balaa, umemwita kuwadi wa machangudoa. Ungelisifu koti lenyewe: "qué chaqueta más chula."

Mtoto wa Pangani: Acha kupotosha. Mimi nafanya kazi na Wameksiko, msichana akiitwa "chula" anachekelea. Ni mrembo.

Mama Nassor: Mada inasema Uhispania, mwanangu. Kamwite hivyo jirani yako hapo Madrid uone.

Mtoto wa Pangani: Madrid nimeitaja saa ngapi? Niko Houston.

Chapati Mbili: Kolombia chulo ni ndege mla mizoga. Ushauri wangu msimsifu mtu.

Kachumbari: Tumieni "bonito", yaani zuri, halina kesi.

Zegere: Bonito ni samaki, jamii ya jodari. Ninao hapa kwenye barafu. Sema "guay", nalo ni bomba.

Babu Tramu: Mzee wa ghorofa ya chini kwetu, kila sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wa Madrid, Mei 15, anavaa kofia na kizibao, anajisifu: "más chulo que un ocho", yaani chulo kuliko nane. Wanasimulia eti tramu namba 8 ndiyo iliyowapeleka waliojipamba sherehani. Nyodo kwa Wamadrid nayo ni sifa, ila ajisifie mwenyewe.

Chapati Mbili: Kibarua, kazi ilibaki?

Kibarua wa Lavapiés: Ilibaki. Ila nikidai hela ya saa za ziada naambiwa "no te pongas chulo", nisilete jeuri. Hiyo sikuhitaji mkalimani.

Kachumbari: Na "cachondo" je?

Mama Nassor: Watoto wamelala?