VLAN tatu kwenye kadi moja ya laptopu: draiva, Hyper-V au Linux?

KeboNdefu
Wakuu, salaam. Laptopu yangu ina kadi ya Intel I219-LM na inatumia Windows 11 Pro. Ninachotaka ni kuchomeka kebo moja kwenye poti ya trunki (inayobeba VLAN nyingi, yaani mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi), kisha niwe ndani ya VLAN 10 (usimamizi wa swichi), 20 na 30 kwa pamoja, bila kuhamahama poti kila ninapopima kitu.

Swichi haina tatizo. Kompyuta nyingine yenye Linux kwenye poti hiyo hiyo inapata anwani za VLAN zote tatu. Laptopu inaambulia anwani ya VLAN isiyo na lebo (alama inayobeba namba ya VLAN) tu. Nimeona njia nne zikitajwa: kuandika namba ya VLAN kwenye draiva, kutumia programu ya mtengenezaji wa kadi, kuunda swichi pepe ya Hyper-V (mfumo wa mashine pepe wa Windows), au kuwasha Linux. Aliyezitumia anielezee tofauti. Halafu kuna hili: Wireshark, programu ya kunasa fremu (vifurushi vya data vya mtandao), haionyeshi lebo hata moja, ilhali swichi inazituma.

FundiFremu
Nianze na Wireshark, maana hapo ndipo wengi hupotea njia wakabadilisha mipangilio ya swichi isiyo na kosa.

Lebo ya 802.1Q ni baiti 4 zinazoingizwa katikati ya fremu, baada ya anwani za MAC (zinazotambulisha kadi za mtandao). Inaanza na 0x8100, na ndani yake mna biti 12 za namba ya VLAN. Ndiyo maana namba zinazotumika ni 1 hadi 4094. Kwenye Windows, draiva nyingi huing'oa lebo hiyo kabla fremu haijafika kwenye mfumo, na Wireshark inasoma kilichobaki baada ya draiva kumaliza kazi yake. Kwa hiyo usipoiona lebo, usihitimishe kwamba haikufika. Draiva za Intel zina thamani ya kuweka kwenye rejista ya Windows, MonitorMode au MonitorModeEnabled kulingana na draiva, inayoiamuru iache lebo ilivyo. Hiyo ni ya kunasa fremu tu. Haikupi VLAN.

Sasa njia zako. Ile ya draiva ndiyo nyepesi kuliko zote:

`Set-NetAdapter -Name "Ethernet" -VlanID 20`

Draiva isiyoikubali itakurudishia kosa papo hapo. Ikikubali, kadi nzima inakuwa ya VLAN 20, basi. Ukitaka 30, unabadilisha namba. Kwa mtu wa VLAN moja sioni sababu ya kwenda mbali zaidi, lakini kwako wewe haifai.

Programu ya mtengenezaji inakupa VLAN kadhaa, kila moja ikiwa na kiolesura chake, yaani kadi yake pepe. Kwa Intel ni PROSet. Ujue tu kwamba draiva inayoletwa na Windows Update huja peke yake, PROSet unaisakinisha mwenyewe. Na imefungamana na toleo la draiva na la Windows, kwa hiyo kabla ya kuboresha kimojawapo hakikisha vinaendana. Kwa laptopu inayoboreshwa mara kwa mara mimi siipendi njia hii.

SevaNaSwichi
Naunga mkono, na kwa Windows 11 Pro jibu langu ni Hyper-V. Huhitaji kuunda mashine pepe hata moja. Unachotumia ni ile swichi pepe yake. (Wenye toleo la Home, hili haliwahusu, Hyper-V haimo.)

```
New-VMSwitch -Name "Shina" -NetAdapterName "Ethernet" -AllowManagementOS $true
Add-VMNetworkAdapter -ManagementOS -Name "V20" -SwitchName "Shina"
Set-VMNetworkAdapterVlan -ManagementOS -VMNetworkAdapterName "V20" -Access -VlanId 20
```

Mistari miwili ya mwisho unairudia kwa 10 na 30. Kila kimoja kinatokea kwenye orodha ya miunganisho kama kadi ya kawaida, na mipangilio inabaki hata ukizima mashine. Kabla ya yote, ingia kwenye sifa za kadi halisi uangalie "Priority & VLAN" imewashwa, na kama uliwahi kuandika namba ya VLAN kwenye draiva, irudishe 0. Lebo ishughulikiwe mahali pamoja. Draiva na Hyper-V zikiigombania, utatafuta kosa hadi uchoke.

PengwiniMtulivu
Kazi nzuri, lakini kuna tofauti moja ambayo haijatajwa, nayo inaweza kuamua kila kitu: anwani za MAC.

Kwenye Linux, violesura vya VLAN hurithi MAC ya kadi halisi. Swichi inaona kifaa kimoja. Kwenye Hyper-V, kila kadi pepe unayoongeza inapata MAC yake, kwa kawaida inayoanza na 00-15-5D. Poti ikiwa imewekewa ulinzi wa kuruhusu MAC moja tu, kadi zako mpya zitakataliwa au poti itajifunga kabisa. Ukiwa ugenini kwenye mtandao wa mteja, huo si mwanzo mzuri wa siku.

Linux haina programu ya ziada wala hakuna cha kuomba kwa mtengenezaji. Kernel yenyewe inaweka na kutoa lebo:

```
sudo ip link set enp0s31f6 up
sudo ip link add link enp0s31f6 name vlan20 type vlan id 20
sudo ip link set vlan20 up
```

Hii inafutika ukizima mashine. Ukitaka idumu, tumia nmcli, amri inayohifadhi mipangilio ya mtandao. Na ukiendesha tcpdump -e (amri ya kunasa fremu) kwenye kadi mama, yaani ile halisi, unaziona lebo.

KeboNdefu
Hilo la MAC sikulifikiria kabisa, asante. Swichi mbili kati ya ninazohudumia zina ulinzi huo. Je, nikiwasha Linux ndani ya mashine pepe juu ya Windows, nimepona?

SevaNaSwichi
Hapana, kama unaiunganisha kwa daraja kwenye kadi ile ile. Fremu bado zinapita kwenye draiva ya Windows, na lebo inaweza kung'olewa kabla mashine pepe haijaiona. Nafuu ni adapta ya USB ya mtandao: unaikabidhi yote kwa mashine pepe, Windows haiigusi, na Linux inaiendesha kwa draiva yake.

FundiFremu
Adapta ya USB nakubali, ila ipime kwanza. Fremu ya kawaida inaishia baiti 1518, na yenye lebo inafika 1522. Kifaa kisichokubali hizo 4 za ziada kinaleta tatizo la ajabu: ping ndogo inapita, DHCP (ugawaji wa anwani) inapita, lakini kurasa nzito zinakwama katikati. Jaribu hivi kutoka kwenye VLAN yenyewe:

`ping -M do -s 1472 anwani-ya-lango`

Kwenye Windows ni `ping -f -l 1472`. Ukijumlisha vichwa vya ICMP na IP inatimia 1500 kamili. Ikikwama hapo na kupita kwa 1468, umeshampata mchawi.

LangoMoja
Nimesoma yote na hakuna aliyegusa lango la kutokea. VLAN tatu zikikupa anwani kwa DHCP, zote tatu zitakupa na lango. Laptopu inabaki na njia tatu za kwenda nje na inachagua kwa kipimo chake, si chako. Bakisha lango kwenye VLAN moja tu. Kwa nmcli:

`nmcli connection modify vlan30 ipv4.never-default yes`

Kwenye Windows, weka anwani kwa mkono kwa hizo nyingine na uache sehemu ya lango wazi. Na tafadhali, usiwashe kushiriki intaneti wala kuunganisha violesura hivyo kwa daraja. VLAN zilitenganishwa kwa sababu, na laptopu iliyo ndani ya zote tatu inaweza kuwa mlango ambao hakuna anayeulinda. Ukimaliza kupima, chomoa.

KeboNdefu
Nimeshaamua. Hyper-V ibaki kwa swichi zisizo na ulinzi wa MAC, maana huko nahitaji zana zangu za Windows zikiwa wazi muda wote. Kwa zile mbili, nawasha Linux kutoka kwenye flashi. VLAN 20 na 30 zimeshapata anwani kwenye Hyper-V, na ping ya 1472 imepita kote. VLAN 10 bado kimya.

PengwiniMtulivu
Angalia swichi: je, 10 ndiyo VLAN isiyo na lebo kwenye trunki hiyo? Kama ndiyo, swichi inaituma bila lebo, na V10 yako inasubiri lebo ambayo haitakuja. Linux yenu ile huenda inaichukua kwenye kadi mama.

KeboNdefu
Ndiyo yenyewe. Nimeiweka V10 kuwa `-Untagged` badala ya `-Access -VlanId 10`, imepata anwani.