Meno 13 mbele, 45 nyuma, au kuacha ilivyo: gia fupi kwa vijia vya milimani Kigoma

Afisa Ugani Kalinzi

Habari za kazi, wadau. Naomba tulinganishe kwa utulivu namna za kufupisha gia, yaani kupunguza mwendo wa pikipiki katika gia za chini, kwa kuwa suala hili huulizwa mara nyingi na kujibiwa kwa mkato. Pikipiki yangu ni ya cc 150, ina gia tano na cheni namba 428. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Kwenye lami ya Mwandiga kwenda Manyovu sina lalamiko lolote. Taabu huanza ninapoiacha lami na kuingia vijia vya mashamba ya kahawa, ambako njia ina upana wa mtu mmoja, imejaa mizizi na mawe, inakata kona ghafla, na baada ya mvua udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Hapo gia ya kwanza inakwenda kasi kuliko ninavyotaka, nami nalazimika kwenda kwa nusu klachi, yaani klachi nikiwa nimeibana nusu, karibu njia nzima, mpaka vidole vinakufa ganzi na harufu ya klachi inanifikia puani.

Nimefikiria kuweka meno 13 mbele, au 45 nyuma, au yote mawili kwa pamoja, au kuiacha ilivyo na kurekebisha uendeshaji. Sitafuti nguvu ya kubebea mizigo. Nataka niweze kwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea huku klachi nimeiachia kabisa.

Bodaboda wa Ujiji

Mkuu, mimi ningeiacha ilivyo. Ukiweka 13 mbele, pale ambapo injini ilikuwa inakupa kilomita 80 kwa saa itakupa 74, na kwa sisi tunaokwenda Kasulu na kurudi tukiwa na abiria, injini kulia muda wote ni mafuta na ni uchovu. Jifunze kuchezea klachi na breki ya nyuma.

Fundi Mwanga

Ndugu Afisa, umefanya vyema kutaja idadi ya meno, maana bila hiyo tungekuwa tunabahatisha. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3, yaani sproketi ya mbele huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu; namba hiyo ikikua, mwendo unapungua na nguvu inaongezeka. Ukiweka 13 mbele unapata 3.23, na ukibakiza 14 mbele ukaweka 45 nyuma unapata 3.21. Kwa hiyo machaguo yako mawili ya kwanza yanalingana kwa mwendo na kwa nguvu, na anayekuambia kwamba sproketi kubwa ya nyuma inavuta zaidi hajapiga hesabu. Kwa pikipiki yako, jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Tofauti iko kwenye kazi ya kufunga, gharama na uchakavu.

Ya mbele ni rahisi. Unafungua kifuniko cha upande wa kushoto, unalegeza boliti mbili na kibati chake, unatoa na kuweka nyingine, kisha unasogeza gurudumu nyuma kiasi cha milimita 3 ili cheni ikae sawa. Usipoipenda, unarudisha ya zamani siku hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba sproketi ndogo huikunja cheni zaidi kila pingili inapopita, na meno machache ndiyo yanayobeba mzigo uleule, kwa hiyo huchakaa mapema. Cheni nayo hushuka karibu milimita 2 mahali inapopita juu ya mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Kagua ule mpira wa kinga, kwa sababu ukiwa umeshakatika cheni itaanza kula chuma. Meno 13 nayakubali bila wasiwasi. Meno 12 sifungi kwenye pikipiki itakayokwenda lami.

Ya nyuma ni laini zaidi kwa cheni, lakini gurudumu litatakiwa kusogea mbele kiasi cha milimita 9 au 10. Kama ekseli yako (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) iko karibu na mwanzo wa nafasi yake, cheni haitatosha, na utanunua ndefu zaidi. Vilevile sproketi ya 45 imeizidi ile ya 42 kwa milimita 6 kila upande kutoka katikati, na pikipiki nyingi za kazi zina kava la bati lililofunika cheni yote. Ingiza kidole kati ya cheni na bati kabla ya kulipa fedha; nafasi ikiwa finyu, utasikia mkwaruzo mashimoni.

Afisa Ugani Kalinzi

Asante sana, Fundi. Je, jino moja linatosha kufikia mwendo wa kutembea, au nitakuwa nimebadilisha bila kupata nilichokusudia?

Fundi Mwanga

Tuchukue mfano. Injini inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, ambayo katika gia ya kwanza huzunguka mara 28 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, ikiwa na tairi ya nyuma ya 3.00-17, itakwenda karibu kilomita 6 kwa saa. Ukiweka 13 kwa 42 inashuka hadi kama 5.5, na ukiweka 13 kwa 45 inafika 5, ambao ndio mwendo wa mtu mzima anayetembea. Usiidharau hiyo nusu kilomita, kwa sababu kwenye kona yenye mizizi ndiyo inayoamua kama utaachia klachi au utaendelea kuibana. Pleti za klachi ya pikipiki yako zimo ndani ya oili ileile ya injini, ambayo ni kama lita moja tu. Kila sekunde ya nusu klachi ni joto linaloingia kwenye oili hiyo, na injini inayopozwa kwa upepo haipati upepo wa kutosha katika mwendo huo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na ndugu wa Ujiji. Kuchezea klachi ni ujuzi wa lazima, lakini ni wa kuvukia jiwe au gogo. Mlima mzima hauendeshwi hivyo.

Muuguzi Uvinza

Mmezungumzia kupanda, nami naomba tusisahau kushuka. Ninapotembelea vijiji nikiwa na sanduku la chanjo nyuma, kinachonitisha ni mteremko. Breki ya nyuma ya ngoma ikishapata joto hulegea, na ya mbele siithubutu kwenye changarawe. Nilipofungiwa 13 mbele, faida niliyoiona kwanza ilikuwa kwamba injini yenyewe huishikilia pikipiki katika gia ya kwanza, nami nagusa breki kidogo tu. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuhalalisha gharama. Nimewahi pia kuendesha Yamaha AG 200, ambayo iliundwa kwa kazi za mashambani na cheni yake imefunikwa kabisa isipate vumbi. Ni chaguo zuri kwa mwenye uwezo, ila wengi wetu tunarekebisha tulichonacho.

Mrina Asali Sikonge

Salamu kutoka Tabora. Nakubaliana nanyi kwa milima, ila msomaji wa huku asichukue ushauri huu mzimamzima. Kwetu hakuna mlima, kuna mchanga. Ukiwa na gia ya kwanza fupi mno kwenye mchanga mzito, gurudumu huzunguka, linajichimbia, na unabaki umekaa juu ya ekseli katikati ya miombo. Mchanga unataka kasi ya wastani isiyokatika. Hata hivyo nami nimeweka 13, kwa sababu tofauti kabisa: gia ya pili, ambayo zamani ilikuwa nzito na injini ikizimia, sasa inavuta vizuri, nami sihitaji kurudi ya kwanza. Kwenda mpaka 13 kwa 45 kwa mchanga wa huku, siwezi kumshauri mtu.

Bodaboda wa Ujiji

Kama safari nyingi ni za vijiani, basi hoja nimeielewa. Kwangu lami ndiyo kubwa, nabaki na 14. Lakini na wewe Mkuu unatumia lami kwenda na kurudi. Kwa 13 na 45 kwa pamoja, ile 80 inakuwa 69. Malori yatakusukuma.

Afisa Ugani Kalinzi

Hilo ndilo linaloniondoa kwenye chaguo la tatu. Nitaanza na 13 mbele na kubaki na 42 nyuma. Nimepima cheni niliyonayo kama ulivyowahi kueleza kwingine, Fundi: pingili 20 zimevutika hadi milimita 257. Nibadilishe au niendelee nayo?

Fundi Mwanga

Cheni mpya ya 428 hutoa milimita 254 kwa pingili 20, na ikifika 259 nashauri itupwe. Yako ina maisha bado, lakini angalia meno ya sproketi ya nyuma; yakiwa yamepinda kama ndoana, badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, la sivyo sproketi mpya italiwa haraka. Unapokwenda dukani, beba sproketi ya zamani mkononi, kwa sababu zipo za 428 zenye meno 13 ambazo tundu lake la katikati au nafasi za boliti haziingiliani na shafti yako. Meno 13 yana faida nyingine ndogo: pingili za cheni ni namba shufwa, kwa hiyo meno yakiwa witiri, jino moja halikutani na pingili zilezile kila mara, na uchakavu unasambaa. Ukimaliza kufunga, acha cheni icheze kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, na ukirudisha loki (kile kibanio cha pingili inayounganisha cheni), upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda.