Ofa tatu za meneja bidhaa mwandamizi: Dar, Nairobi, au kampuni ya Ulaya ukiwa Mtwara?

MwanaShangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kupima jambo ambalo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni meneja bidhaa, upande wa programu za simu: naamua kitengenezwe nini, kwa ajili ya nani, na kianze kipi. Nimeifanya kazi hii Dar miaka tisa kwenye mifumo ya malipo, kisha nikarudi Mtwara kwa sababu ya mama. Sasa nina ofa tatu za cheo cha uandamizi:

Dar: milioni 6 kwa mwezi kabla ya makato, ajira ya kudumu, nahamia huko.

Nairobi: bado hawajataja kiasi, wameniuliza mimi nataka ngapi.

Kampuni ya Ulaya: dola 3,000 kwa mwezi, nafanya kazi nikiwa hapa hapa nyumbani Shangani, kwa mkataba wa kutoa huduma. Wanatengeneza programu ya malipo ya wakulima wadogo. Hawa walianza na kiasi kikubwa zaidi, walipojua naishi Mtwara wakapunguza. Barua yao inasema gharama za maisha za eneo langu ziko chini.

Hiyo sentensi imeniuma, sijui kama nina haki ya kuumia. Mngekuwa ninyi mngechagua ipi?

MhasibuLigula

Kaka, usilinganishe milioni 6 na dola 3,000 kabla hujazishusha zote mbili hadi kinachobaki mkononi. Nakufanyia hesabu.

Dar: NSSF yako asilimia 10 ni 600,000. Kinachotozwa kodi ni 5,400,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi hapo, yaani 1,320,000. Jumla ya kodi 1,448,000. Mkononi 3,952,000. Lakini mwajiri naye anakuwekea 600,000 nyingine NSSF, kwa hiyo akiba yako ya uzeeni inakua kwa 1,200,000 kila mwezi.

Ulaya: tuseme dola ni shilingi 2,600. Hiyo ni 7,800,000. Hakuna anayekukata chochote, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Wewe ni mkazi wa Tanzania, kipato chako kinatozwa kodi hata kikitoka nje. Bila gharama za kazi kutolewa, kodi ni kama 2,168,000 kwa mwezi, unaipeleka TRA mwenyewe kwa makadirio, awamu nne kwa mwaka. Inabaki 5,632,000. Ukijiwekea ile 1,200,000 ya uzeeni, umebaki na 4,432,000. Bado bima ya afya, kompyuta, intaneti na umeme wa akiba.

Tofauti iliyobaki na Dar haifiki laki tano, na gharama zote hizo bado ziko juu yako. Kwa upande wa Dar nako kuna kodi ya nyumba, ambayo hapa huilipi.

Mmwera_Nairobi

Ndugu yangu, mimi wa Nachingwea, niko Nairobi mwaka wa sita. Wakikuuliza unataka ngapi, usitaje kwa kubadilisha mshahara wa Dar kuwa shilingi za huku. Kodi ya Kenya ni asilimia 30 kuanzia mshahara unaozidi 32,333 kwa mwezi, ukipita 500,000 inakuwa 32.5, na juu ya 800,000 ni 35. Juu yake kuna bima ya afya ya SHIF asilimia 2.75 iliyoanza Oktoba 2024, tozo ya nyumba asilimia 1.5, na NSSF ya huku. Kwa hiyo jiulize unataka ubaki na ngapi, ndipo upande nayo hadi kiasi cha kuwaambia. Na kibali cha kazi wakishughulikie wao. Iandikwe.

Mambo mazuri: huku cheo cha meneja bidhaa kinaeleweka. Hutatumia miezi mitatu ya kwanza kueleza kazi yako ni nini.

BintiMikindani

Niko Uingereza. Najua hukuuliza, ila usije ukajutia kutokuja huku kwa kuangalia tarakimu tu. Kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, kima cha jumla cha mshahara tangu Julai 2025 ni pauni 41,700 kwa mwaka, na meneja mwandamizi kawaida anavuka hapo. Sasa tazama upande wa pili: ada ya afya ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, kila mwaka, na inalipwa yote kwa mpigo kabla hujapata viza. Sisi tuko wanne, watu wazima wawili na watoto wawili. Kwa miaka mitatu ni pauni 10,866. Mwajiri wangu alilipa ya kwangu peke yangu, nikakopa kwa ndugu ili wanangu waje. Ningejua, ningeliuliza hilo kabla ya kuuliza mshahara.

KilwaDubai

Dubai haina kodi ya mshahara, hiyo ni kweli. Ila kiinua mgongo huhesabiwa kwa mshahara wa msingi tu, siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza. Wakikupa msingi mdogo na posho kubwa, utaondoka na kidogo.

MtuWaLindi

Mdogo wangu MwanaShangani, nafanya kazi kama hiyo ya tatu, kutoka Lindi mjini, kwa hiyo nisikilize kwa makini.

Kwanza dola. Mwezi Oktoba 2024 dola ilikuwa inakaribia 2,700. Desemba ileile ilishuka hadi kama 2,400. Kwa dola zako 3,000, hiyo ni kutoka 8,100,000 hadi 7,200,000 ndani ya miezi miwili, na ada ya shule haikushuka.

Pili mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na mwezi huohuo kimbunga Hidaya kikaharibu barabara ya Lindi kwenda Dar. Nilikaa sebuleni na simu tatu za mitandao mitatu nikitafuta hata dakika kumi za mkutano. Mkataba wangu ulikuwa haunilipi siku ambazo sikuonekana mtandaoni. Hakikisha wako unasema nani anabeba hasara hiyo.

Tatu, hilo lililokuuma. Una haki. Kampuni zinatofautiana. GitLab imejulikana kwa kupanga mshahara kwa kuangalia unaishi wapi. 37signals wametangaza kulipa viwango vya San Francisco popote ulipo. Kwa hiyo wanaokuambia ndivyo dunia ilivyo wanakueleza uamuzi wao. Na uamuzi huzungumzwa.

Hebu tuambie, kwa nini wamekutafuta wewe hasa?

MwanaShangani

Kaka MtuWaLindi, swali lako nimelala nalo.

Msimu wa korosho uliopita nilikaa siku nne kwenye ghala la chama cha msingi Tandahimba, nikitazama wakulima wanavyosoma ujumbe wa malipo baada ya mnada. Mzee mmoja alinipa simu yake nimsomee. Nikaanza na jumla, akanizuia kwa mkono: "Anza na makato, mwanangu." Nikayasoma mstari kwa mstari, yeye anahesabu kwa vidole, ndipo akauliza jumla. Niliandika hayo nikaweka picha ya karatasi yangu mtandaoni. Hao wa Ulaya waliniandikia kwa sababu ya maandishi hayo.

Kumbe wanachokinunua ni huku kuwa Mtwara, halafu wananikata kwa sababu niko Mtwara.

MhasibuLigula

Hilo waambie hivyohivyo. Na hesabu ziambatanishe.

MwanaShangani

Nimewaandikia jana usiku. Nimeomba dola 4,200, siku 25 za mapumziko zinazolipwa, notisi ya miezi miwili, na siku za mtandao kukatika zisikatwe. Nimeweka jedwali la dada Mhasibu. Chini nikaandika: "Mtu wa Berlin mtamlipa nauli na siku za kujifunza kile ambacho mimi nakiona nikitoka mlangoni."

Dar nimewaomba wanisubiri hadi mwisho wa mwezi. Nairobi nitawatajia kiasi kwa njia ya Mmwera.

Asubuhi hii wa Ulaya wamejibu, wanataka tuzungumze Jumatatu saa nane mchana.

MtuWaLindi

Jumatatu saa nane, chaji betri tangu asubuhi na uwe na laini mbili. Wakikubali kwa mdomo, omba barua kabla hujawajibu Dar.