Fizi zinatoa damu, nasukutua kila siku wala hazipoi. Hawa bakteria wameshikilia kwa nini hasa?

Kibogoyo Mtarajiwa:
Habari zenu wakuu. Fizi za upande wa kulia zinatoa damu kila nikipiga mswaki, kwa hiyo upande huo nimeuacha, nasukutua tu kwa dawa asubuhi na usiku. Hali ni ileile. Nimesoma mahali kwamba bakteria wa mdomoni wana protini za kujishikiza mwilini. Kama ni kweli, zinafanyaje kazi, na dawa gani inawabandua?

Bi Mkubwa:
Daktari wa meno, mwanangu. Na huo upande wa damu ndio wa kupiga mswaki zaidi, si wa kuuacha.

Darubini:
Bi Mkubwa kamaliza, mimi naongeza maelezo tu.

Jino likishasafishwa halikai tupu. Ndani ya dakika chache protini za mate zinalivika utando mwembamba, na bakteria wanaotangulia, akina Streptococcus gordonii na Actinomyces, wanashika utando huo, si jino lenyewe. Actinomyces wanatumia vinyweleo vya protini. Streptococcus wana protini iitwayo antijeni I/II, iliyopachikwa kwenye ukuta wa seli yao, inayonasa protini moja kubwa ya mate. Hapa ndipo panaponifurahisha: protini hiyo ya mate ikiwa inaelea, inawakusanya bakteria mafungu mafungu tukawameza. Ikiganda kwenye jino, inakuwa pa kushikia.

Ufizi ni habari nyingine. Seli zake za juu hubambuka kila mara, na bakteria aliyeshika juu juu anaondoka nazo. Wakorofi wanaingia ndani. Porphyromonas gingivalis ana vinyweleo virefu vya protini ya FimA vinavyokamata integrini, ambazo ni protini za seli zetu wenyewe za kujishikiza. Seli ikishikwa hapo, inamvuta ndani. Fusobacterium nucleatum naye ana FadA, inayokamata E-kadherini, ile inayounganisha seli na jirani yake.

Kibogoyo Mtarajiwa:
Duh. Kwa hiyo hela ya dawa ya kusukutua naitupa?

Mzee wa Ganzi:
Huitupi, ila umeipa kazi isiyo yake. Dawa inawapata walio juu ya ukoga, yaani lile tabaka la bakteria linaloganda kwenye meno. Waliojificha ndani inawafikia kwa shida. Ukoga unaondoka kwa kusuguliwa. Ukishakuwa mgumu, yaani ugaga, hata mswaki hauuwezi, unakwanguliwa na daktari.

Kuna jambo Darubini kaliruka. P. gingivalis ana vinyweleo vingine vifupi, vya Mfa1, na hivyo vinashika antijeni I/II ya S. gordonii. Maana yake anapanda juu ya waliotangulia. Ukiwaondoa hao kila siku, umempunguzia pa kutua. Ukiacha upande wa damu, unamfuga: anahitaji madini ya chuma, na anayapata kwenye damu hiyohiyo.

Mpita Njia:
Si watengeneze dawa ya kuziba hizo protini, yaishe?

Darubini:
Watafiti wamejaribu, mpaka vipande vidogo vya antijeni I/II yenyewe, ili nafasi ya kushika ijae kabla bakteria hajafika. Lakini bakteria mmoja ana njia kadhaa za kushika. Ukiziba moja anatumia nyingine. Halafu wapole nao wanashika kwa protini za aina hiyohiyo, na hao tunawahitaji.

Kibogoyo Mtarajiwa:
Nimewaelewa. Sasa nipige mswaki vipi pale panapouma?

Bi Mkubwa:
Mswaki laini, nywele zake zielekee pale jino linapokutana na ufizi, uzungushe taratibu bila kukandamiza. Katikati ya meno pitisha uzi. Damu inaweza kuendelea siku za mwanzo, usiogope. Lakini hayo si badala ya daktari. Ukifika mwambie kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, na umwonyeshe jino lolote linalocheza.