Seva ya mafaili ofisini: tununue antivirusi gani? (Lubumbashi)

mtoto_wa_Katuba (Lubumbashi)

Bandugu, jambo sana. Naomba ushauri kabla patroni hajatoa pesa.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa mjini, mizigo yetu mingi inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Tuna kompyuta 18 na seva moja chini ya meza ya mhasibu. Diski D ya hiyo seva ndiyo roho ya kazi: mafaili ya wateja, skani za ankara, na Sage ya uhasibu. Juzi jirani zetu kwenye jengo hili walifungua ofisi asubuhi wakakuta kila faili limebadilika jina na halifunguki, na kwenye skrini kuna tangazo la kudai pesa. Tangu hapo patroni wetu hana usingizi. Anataka "antivirusi ya seva" leo leo.

Duka moja limempa bei ya boksi la antivirusi ya nyumbani, ya mashine 3. Eti tukiiweka kwenye seva italinda na kompyuta zote, kwa sababu mafaili yote yanapita pale. Ni kweli? Tena, fundi wa zamani alituambia antivirusi inaichelewesha Sage. Na intaneti yetu ni ya kununua forfe (bando). Kila kompyuta ikijishushia masasisho yake, forfe haifiki mwisho wa mwezi.

Aksanti.

Nyundo (Dar es Salaam)

Mkuu, boksi hilo liache dukani. Antivirusi nyingi za nyumbani zikikuta Windows Server zinagoma kuingia, na hata ikiingia leseni yake si ya seva. Tuambie kwanza mna Windows ipi. Kama ni Windows Server 2012 R2, Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 10 Oktoba 2023 na haikuja na Defender, antivirusi ya Microsoft wenyewe, kwa hiyo hapo ungekuwa unaweka kufuli jipya kwenye mlango mbovu. Kuanzia toleo la 2016, Defender imo ndani tayari, hulipii kitu cha ziada.

mtoto_wa_Katuba

Ni 2016, ya Kifaransa. Defender naiona, inaonyesha kijani.

Nyundo

Basi antivirusi ya seva unayo. 2016 inahudumiwa hadi Januari 2027, patroni aanze kujipanga kwa hilo. Na siku mkinunua ya kampuni nyingine, usitarajie Defender ijiondoe yenyewe kama inavyofanya kwenye Windows 10. Kwenye seva ni wewe wa kuizima, la sivyo zote mbili zitagombania faili lile lile na mtasema seva imerogwa.

Mama_Seva (Mombasa)

Hilo la "mafaili yote yanapita pale" ndilo linalowaponza watu. Virusi vya kufunga mafaili si lazima vikanyage seva. Vinaamka kwenye kompyuta ya karani aliyefungua kiambatisho, vinafanya kazi humo humo, kisha vinaingia diski ya pamoja kwa jina la karani. Vinasoma faili, vinaliandika upya likiwa limefungwa, vinakwenda kwa linalofuata. Seva inamwona mtumishi halali mwenye ruhusa anahifadhi kazi yake. Programu yenyewe iko kwenye mashine nyingine, sasa antivirusi ya seva imkamate nani? Zipo za biashara zinazoshtuka mafaili mengi yakibadilika kwa mpigo, lakini mpaka ishtuke mengi yameshakwenda.

Kwa hiyo pesa zianzie kwenye zile 18. Halafu ruhusa. Bofya kulia kwenye folda ya pamoja uangalie nani ameandikwa. Natia dau shilingi mia utakuta "Tout le monde" (kila mtu), na mbele yake "Contrôle total" (ruhusa zote).

mtoto_wa_Katuba

Mama, shilingi yako umeila.

Mama_Seva

Hazinilishi hizo, nimeshakula nyingi. Gawa kwa kazi, mwanangu: watu wa forodha waandike kwenye folda ya forodha, na folda ya Sage wasiione kabisa. Mafaili ya miaka iliyopita yawe ya kusoma tu kwa kila mtu, patroni akiwemo. Hasa patroni, maana ndiye anayefungua kila barua pepe.

tuxi_Arusha

Ondoeni Windows, wekeni Linux na Samba (ya kugawana mafaili), juu yake antivirusi ya ClamAV. Bure kabisa, mchezo umekwisha.

fundi_Kadutu (Bukavu)

Haujaisha, ndugu. Karani akiwa na ruhusa ya kuandika, mafaili yake yatafungwa hata yakikaa kwenye Linux. Na ClamAV ukiiacha ilivyo inakagua pale tu unapoiamuru. Ili imulike faili linapofunguliwa lazima uwashe sehemu yake iitwayo clamonacc. Kwa ofisi isiyo na mtu wa Linux, siku ikigoma mtamwita nani?

Yaya (kaka) wa Katuba, kuhusu Sage: fundi wenu hakudanganya, antivirusi ikikagua faili la hesabu kila linapoguswa, mhasibu atalia. Lakini dawa yake ni ndogo. Toa kwenye ukaguzi aina za mafaili tu, .mae na .gcm, na kama Sage yenu inatumia hifadhidata ya SQL Server ongeza .mdf na .ldf. Usitoe folda nzima. Ukaguzi kamili uweke Jumamosi mchana watu wakishatoka. Usiku ni mzuri kwa wenye umeme wa uhakika, si sisi.

Forfe: kila yakitoka masasisho mapya ya Defender, shusha faili lake, mpam-fe.exe, mara moja kwa ajili ya mashine zote, lina zaidi ya megabaiti 100, liweke kwenye folda ya seva, kisha kwenye "stratégies de groupe" (mipangilio ya pamoja ya Windows) zielekeze kompyuta zikachukue pale badala ya kwenda Microsoft. Ukinunua bidhaa ya biashara, muulize muuzaji kama ina kioo cha masasisho, yaani nakala moja ndani ya mtandao wenu ambayo mashine zote zinachukua. Akianza kuzunguka maneno, nenda duka lingine.

mtoto_wa_Katuba

Na diski ya akiba? Ipo, imechomekwa nyuma ya seva wakati wote.

Nyundo

Kama imechomekwa wakati wote, siku seva yenyewe ikiingiliwa na diski hiyo inakwenda nayo. Nunueni mbili zipokezane: moja inafanya kazi, nyingine iko nyumbani kwa patroni. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilipowapiga Maersk, kampuni ya meli za mizigo, seva zao zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji zilifutika dunia nzima, ikabaki moja tu, ya Ghana, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na haikuwa hewani. Kwa hiyo moja ndiyo wakajenga upya. Wabongo na Wakongo tukilalamikia umeme tukumbuke hiyo.

Mama_Seva

Fotokopi yenu inatuma skani kwenye seva? Kama ni ya zamani, pengine kuna mtu aliwasha SMB1, njia ya kizamani ya Windows ya kugawana mafaili, kwa ajili yake. Hiyo ndiyo njia virusi vya WannaCry vilipita Mei 2017, na kiraka kilikuwa nje tangu Machi. Izime. Fotokopi itume kwa barua pepe.

fundi_Kadutu

Kabla hujamwandikia patroni, usiamini ile kijani. Kuna faili la majaribio la EICAR, herufi 68, halina madhara, antivirusi zote zinalitambua. Keti kwenye seva yenyewe, bandika herufi hizo kwenye Bloc-notes (Notepad), hifadhi kwenye diski D. Linatakiwa kupotea mbele ya macho yako. Halafu fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike (Get-MpPreference).ExclusionPath. Itakuonyesha sehemu ambazo Defender imeambiwa isikague.

mtoto_wa_Katuba

Nimerudi. Faili la EICAR limekaa kwenye D bila kuguswa. Ile amri imeleta mstari mmoja: D:\

fundi_Kadutu

Ndiyo ile "antivirusi inachelewesha Sage". Fundi wenu wa zamani aliitoa diski nzima kwenye ukaguzi akaenda zake. Futa mstari huo sasa hivi, weka zile aina za mafaili, rudia.

mtoto_wa_Katuba

Sasa linapotea kabla sijafunga Bloc-notes. Boksi nimemwambia patroni tusinunue. Amekubali diski mbili, na antivirusi za kompyuta tunaomba bei Jumatatu. Sage inafunguka polepole kidogo kuliko jana, mhasibu ameshakuja kulalamika mara mbili. Atazoea.