Niko kazini Malindi, kura yangu iko Amu (mji wa Lamu). Naweza kupiga bila kwenda?

mwana_wa_mkomani: Asalaam aleikum wadau. Mimi nafanya kazi ya hoteli huku Malindi lakini kura niliandikisha nyumbani Amu, wadi ya Mkomani. Sasa uchaguzi ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na Agosti ndio Wataliano wamejaa, bosi hanipi ruhusa hata nikilia. Ami yangu yuko Minnesota, Marekani, asema kule unaletewa karatasi nyumbani, unajaza, unarudisha na posta. Kwetu yawezekana? La pili, dadangu kamaliza chuo yuko tu nyumbani, ataka kazi ya karani siku ya kura, aanzie wapi?

msumari_wa_jahazi: Waaleikum salaam. Posta sahau kaka. Kenya unapiga kwenye kituo ulichoandikishwa, wewe mwenyewe na kitambulisho chako, hakuna kutumana. Unachoweza ni kuhamisha, unaenda ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya huko Malindi unajaza fomu, lakini ufanye mapema manake sheria yataka iwe siku 90 kabla ya uchaguzi, usingoje mpaka Mei imefika ndio uanze kukimbia. Na uangalie vizuri jina la wadi wanaloandika, manake Shella iko Lamu na Shella nyingine iko Malindi 😂

bi_mtepe: Mwanangu kabla hujahamisha fikiria kwanza. Rais utampigia popote utakapoandikishwa, hilo halina neno. Lakini ukihamia Malindi basi gavana wako ni wa Kilifi, na MCA (mwakilishi wa wadi), mbunge, seneta na mwakilishi wa kike wote wa huko, karatasi tano kati ya sita zabadilika. Mamako yuko Mkomani anakunywa maji ya Mkomani, wewe MCA wa Malindi akufanyie nini? Na huyo bosi sheria yamlazimu akupe muda wa kwenda kupiga kura, mwambie sasa hivi si ile wiki yenyewe.

msumari_wa_jahazi: Bi mkubwa muda wa kutosha kwenda kituo cha hapo karibu sawa, lakini Malindi mpaka Mokowe kisha uvuke na boti halafu urudi, ni hoteli gani itakubali? Kijana ashaishi Malindi, barabara anazopita ni za Malindi, si apige huko tu.

mpwani_ughaibuni: Niko Minnesota pia. Ami yako asema kweli, huku tangu 2014 huulizwi sababu, ila bahasha yataka sahihi ya shahidi, si kujaza tu na kutupa kwenye sanduku. Na kazi ya kituoni huku hata watoto wa miaka 16 wanachukuliwa kama wanafunzi. Lakini kura ya Kenya ni habari nyingine, 2022 sisi wa ng'ambo tulifunguliwa vituo nchi 12 tu, Saudia na ndugu zetu wote walioko kule haikuwemo, na Marekani nzima vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, na unampigia rais peke yake. Kwa hiyo wewe wa Malindi una nafuu kuliko mimi.

karani_mstaafu: Nijibu la dada, manake hilo mmeliruka. IEBC hutangaza hizo kazi kwenye tovuti yao na magazetini miezi kadhaa kabla, kwa hiyo aweke vyeti na kitambulisho tayari. Asiwe mtu wa chama, akionekana na fulana ya mgombea imekwisha. Akitaka kukaa upande wa chama awe wakala, hiyo ni kazi nyingine. Atafundishwa na kula kiapo, na siku yenyewe mlango wafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni saa hiyo lazima apige. Halafu ndio kuhesabu, mnaanza na ya rais, fomu 34A ya matokeo ya rais yajazwa na nakala yabandikwa mlangoni, kisha mwaendelea na zile tano, mtakesha. Kwetu shida kubwa ni vidole vya wavuvi, vimesuguka na kamba mashine haivisomi, basi watafutwa kwa kitambulisho na kujaza fomu 32A, ile ya wasiotambuliwa na mashine, na mzee anakasirika adhani mwamzuia makusudi. Hapo ndipo karani mwenye maneno mazuri anapohitajika.

mwana_wa_mkomani: Shukran wote. Bi mtepe umenigusa, sihamishi, nitamwambia bosi wiki hii. Karani, dada auliza aweza kupangiwa Faza, kule kisiwa cha Pate? Boti za Agosti na huu upepo wa kusi zamtisha.

karani_mstaafu: Faza iko Lamu Mashariki, Mkomani ni Lamu Magharibi. Aombe kwenye eneobunge lake, asiombe mbali akashindwa kufika mafunzoni.